Nilimpunja mama dawa nikidhani namwokoa

Najua kwenye safu hii umezoea tukikutana tunapiga soga za mapenzi, michango ya harusi na vituko vya wapangaji wenzetu. Wiki hii naomba uniwie radhi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka 2023, na nimeona nilitoe hapa hapa, maana wengi wenu ni vijana wa rika langu, na kesho au keshokutwa unaweza kukabidhiwa chupa kama ile niliyokabidhiwa mimi.

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki, ndogo tu, na ndani mna maji maji yasiyo na rangi. Ungeiona ungedhani maji ya bomba. Ilikuwa mofini.

Ngoja nianze mwanzo. Mama ninayemzungumzia ni mama mdogo, anayemfuata marehemu mama yangu, lakini ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, kwa hiyo kwangu ni mama, basi. Alikuwa akipika vitumbua Temeke, alfajiri ile ambayo sisi wengine ndiyo kwanza tunageukia upande wa pili. Sare zangu, madaftari na nauli mpaka namaliza kidato cha nne vilitoka kwenye kile chuma cha vitumbua.

Alianza kutokwa damu wakati alikwishakoma kuona siku zake miaka mingi. Akanyamaza. Aibu za mama zetu mnazijua. Alipokuja kusema, kumbe ni kansa ya shingo ya kizazi na imekwishatambaa. Akapelekwa Ocean Road, lile jengo la Wajerumani kule baharini, akapigwa mionzi na kuwekewa dripu za kemo. Kwa miezi kadhaa akapata nafuu, hata akarudi kwenye vitumbua vyake. Halafu yakaja maumivu ya kiuno, yakashuka mguu wa kushoto, na safari hiyo daktari akatuita pembeni akatuambia taratibu kwamba ugonjwa hauondoki tena. Kilichobaki, akasema, ni tiba shufaa.

Shufaa! Mimi neno hilo nililijua madrasa tu, kuombewa siku ya hesabu. Nikajisemea moyoni kwamba hapa tumeambiwa kwa heshima tukasubiri kifo nyumbani. Na wewe msomaji ukisikia neno hilo huenda utafikiri hivyo hivyo. Kumbe maana yake ni kumtibu mtu kila kinachomsumbua, maumivu, kutapika, choo, harufu, kukosa usingizi, hata hofu, ingawa ugonjwa wenyewe haung'oki. Na kazi yake, jamani, ni nyingi kuliko ile ya hospitali, kwa sababu wewe uliye nyumbani ndiye unayeifanya.

Tukapewa mofini ya kunywa na bomba la sindano lisilo na ncha la kupimia. Maelekezo yalikuwa mepesi. Mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa mara mbili yake ili alale mpaka asubuhi bila kuamshwa na maumivu. Usisubiri aumwe ndiyo umpe, fuata saa. Tukapewa pia vidonge vya kuzuia kutapika, na vingine vidogo vya kulainisha choo. Hivi vya choo nikaviweka juu ya kabati, maana nilijua mama hakuwa na tatizo hilo. Kumbuka hapo.

Sasa kijiweni kwetu hakuna siri. Mshikaji wangu mmoja wa bodaboda aliposikia jina la dawa alishika kichwa. "Mofini? Mwanangu, huo si ndo unga? Unamgeuza bi mkubwa teja?" Wenzake wakadakia kwamba dawa ile anapewa mtu wa kufa, na ukianza kuipewa huvuki mwezi. Na ubaya ni kwamba yule mshikaji hakuwa mwongo mia kwa mia, kwa sababu heroini kweli inatengenezwa kutokana na mofini. Nikarudi nyumbani kichwani mwangu yamejaa mateja wa kituo cha daladala, wale wanaosinzia wamesimama, magoti yamekunjika lakini hawaanguki. Nikamwona mama yangu katikati yao.

Na kweli, siku mbili za kwanza mama alilala. Ukimwamsha anafumbua macho, anakujibu, anakunywa uji vijiko vitatu, anarudi zake usingizini. Siku ya tatu akatapika mara mbili. Mimi nikaona ushahidi umekamilika.

Basi nikaanza kumpunja.

Nilikuwa navuta nusu ya dozi kwenye bomba, najazia na maji ya kunywa ili asigundue, nampa. Ile ya saa 4 usiku, ya mara mbili, nikaifuta kabisa, nikamdanganya kwamba daktari kasema haina haja. Nilikuwa najiona mwerevu ajabu. Wiki mbili nikaenda hivyo. Halafu choo kikagoma. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne, ya sita hakuna kitu, tumbo limekaza kama ngoma na chakula hataki hata kukiona. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye mtaani kwetu ndiye bingwa wa kila kitu, akatoa hukumu kwamba ile dawa imemfunga utumbo, iacheni. Nikaiacha siku hiyo hiyo.

Usiku wa pili baada ya kuiacha ndio ninaotaka kukueleza. Chumba chetu na chake vilitenganishwa na ukuta usiofika juu. Nilisikia kama mtu anatafuna kitu. Nikadhani panya. Nikaenda na tochi ya simu. Nikamkuta mama ameketi kitandani, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa maji, mafua yanamtoka, anatetemeka, na mdomoni amejaza pindo la kanga anaitafuna ili asipige kelele akatuamsha. Kanga ilikuwa imetoboka. Saa tisa ya usiku, msomaji wangu. Aliponiona akaitoa akasema, "Nenda kalale baba, kesho una kazi."

Asubuhi yake ndiyo ilikuwa zamu ya nesi wa tiba shufaa kuja nyumbani. Dada mmoja mtaratibu, wa makamo, begi begani. Kwanza akakaa na mama akamwuliza maneno yake, unalala, unakula, choo lini, maumivu kwenye vidole kumi unayapa vingapi. Mama akanyoosha mikono yote miwili. Nesi akaomba chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafungua daftari, akapiga hesabu kwa kalamu. Halafu akanigeukia.

"Mdogo wangu, dawa imebaki nyingi. Mama anakunywa nini?"

Nikawa mdogo kama piritoni. Nikajaribu kubabaisha, mara imemwagika, mara nilisahau. Hakunifokea. Alinyamaza tu akiniangalia mpaka nikasema yote, ya maji, ya saa 4 usiku, ya kijiweni, ya jirani, na mama akiwa pale pale anasikia.

Yule dada hakuanza na mahubiri, alianza na choo, na mimi leo nitamfuata yeye. Alisema usingizi wa mofini kwa wengi ni wa siku mbili tatu, na mara nyingi si dawa peke yake inayomlaza bali ni deni pia, mtu ambaye hajalala mwezi mzima kwa maumivu akipata nafuu analala. Kichefuchefu nacho huja mwanzoni na kwa wengi huisha ndani ya wiki, na ndiyo maana tulipewa vidonge vyake. Lakini choo! Choo hakizoei. Mofini inaupunguzia utumbo mwendo, na itaendelea kuupunguzia kila siku ambayo mgonjwa anaitumia. Kwa hiyo dawa ya kulainisha haingoji tatizo, inaanza siku ile ile na mofini na zinakwenda pamoja kama soksi. Vile vidonge nilivyoviweka juu ya kabati ndivyo vingeokoa siku sita zote zile. Nikavishusha vina vumbi.

Siku ile ilibidi mama asafishwe tumbo kwa glovu na maji, kazi ambayo nesi aliifanya na binamu yangu wa kike, mimi nikatolewa nje. Baadaye vidonge vilipokuwa vinachelewa kupatikana, nesi akatufundisha mbegu za papai: zianikwe, zisagwe, kijiko kimoja cha chai usiku. Si uchawi wala umbea wa dawa za asili, wahudumu wa tiba shufaa Afrika huku wanaifahamu. Mimi nikawa mteja wa ajabu kwa muuza matunda wa kona yetu. Naomba mbegu tu, papai lenyewe baki nalo. Alinitazama kama mtu aliyepigwa jua.

Kuhusu uteja akanieleza hivi. Mwili wa mgonjwa unaizoea dawa, na ukiikata ghafla unalalamika, ndilo lile jasho na mafua niliyoyaona usiku, na mimi ndiye niliyemsababishia. Lakini kuzoea mwili si ule uteja wa kituoni. Mgonjwa hawindi dawa, hapandishi dozi kwa starehe, na maumivu yakipungua kwa sababu nyingine dozi hushushwa taratibu na maisha yanaendelea. Na hakuna dozi ya "mtu wa kufa". Kuna dozi inayotosha maumivu ya mtu huyu, leo.

Nikaja kusoma baadaye kwamba kosa langu ni la wengi, na lina umri mrefu. Uingereza kulikuwa na mama mmoja, Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kisha akasomea udaktari, akafungua hospitali ya wagonjwa wasiopona, St Christopher's ya London, mwaka 1967. Yeye alisisitiza mofini itolewe kwa saa, maumivu yasingojewe yarudi. Shirika la Afya Duniani nalo likatoa mwongozo wa maumivu ya kansa mwaka 1986, kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Na jirani zetu Uganda, daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alileta mofini ya maji, unga unaochanganywa na maji, bei yake nafuu. Kule wanaitia rangi kulingana na nguvu yake ili watu wasichanganye chupa. Yaani dunia nzima ilikwishamaliza ubishi huo kabla mimi sijazaliwa, na mimi nikaja kuuanzisha upya Temeke na bomba la maji.

Dozi ikarudishwa. Siku ya tatu mama alikaa barazani. Nikamfuata kumwomba radhi, nimejipanga maneno tangu asubuhi. Akanikatiza.

"Nilijua. Dawa ile chungu kama shubiri. Ukaanza kunipa haina uchungu, nikajua hii maji."

"Sasa mama mbona hukusema?"

"Nilikuona unaogopa."

Basi. Akaomba sukari kidogo ya kuondolea ladha mdomoni, tukaacha mazungumzo hapo.

Sitaki udhani baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Lilikuja suala la harufu. Kansa ile inapochimbika inatoa majimaji yenye harufu nzito, na mama, mwanamke aliyekuwa hatoki nje bila asmini, akaanza kuwakataa wageni. Akisikia hodi anajifanya amelala. Sisi tukafukiza udi na ubani mpaka macho yakatuwasha, na harufu ikawa ya udi na ile nyingine juu yake. Nilipomweleza nesi kwa simu alishangaa tumekaa kimya. Dawa yake ilikuwa Flagyl, hiyo hiyo ya tumbo mnayoijua, vidonge vinasagwa viwe unga na kuwekwa panapotoka harufu. Akaja kumwonyesha binamu yangu namna ya kufanya. Inaua wadudu wanaotengeneza ile harufu. Haikupita wiki, mama akampokea shoga yake wa vitumbua na wakacheka mpaka mimi nikawaomba wapunguze sauti. Ukiniuliza mimi, kidonge kile kilikuwa na thamani sawa na mofini. Maumivu yalimzuia kulala, lakini harufu ilimzuia kuwa mtu.

Kula nako kulitugombanisha. Mashangazi walikuja kila Jumapili na ugali, samaki, supu ya makongoro, na kauli ya "asipokula atakufa". Wanamsimamia mpaka anatapika. Nesi aliwapanga kwa adabu zote kwamba mwili ulikuwa hauna tena uwezo wa kufanyia kazi chakula kingi, mpeni anachotaka, kidogo, kwenye kisahani kidogo, na akikataa msilie mbele yake. Mdomo wake ulikuwa mkavu, mofini nayo inachangia, kwa hiyo tukawa tunampa vipande vya barafu ya ukwaju anyonye. Vidonda vilipotokea mdomoni ukwaju ukawa unamchoma, tukahamia maji yenye chumvi kidogo ya kusukutua, na ule ukoko mweupe wa fangasi ulipotanda ulimini ukapata dawa yake ya matone. Vitu vidogo vidogo hivi. Lakini kila kimoja, usipokisema, mgonjwa anakaa nacho tu, naye anadhani ndivyo inavyotakiwa.

Halafu usiku mmoja wa Oktoba akaanza kurusha mikono. Amelala, mara mkono unaruka, mara bega, kama mtu anayeshtuliwa na umeme. Akawa anaongea na marehemu mume wake, anamwambia afunge mlango mbuzi wanaingia. Hatujawahi kuwa na mbuzi. Jirani bingwa akafika na hukumu yake, dawa imempanda kichwani.

Nakiri mkono wangu ulikwenda kwenye chupa niifiche. Lakini safari hii nilipiga simu kwanza. Swali la kwanza la nesi lilinichanganya. "Mkojo anapata?" Tulipokumbuka, tangu juzi ulikuwa kidogo sana. Kumbe kansa ya pale chini inaweza kuziba njia za mkojo, figo zikashindwa, na figo ndizo zinazotoa mabaki ya mofini mwilini. Yakibaki yanajilimbikiza, ndiyo kule kurukaruka na kuona visivyokuwepo. Kwa hiyo jirani safari hii alikuwa karibu na ukweli, ila tiba yake ndiyo ingekuwa balaa. Dawa haikukatwa. Baada ya nesi kuzungumza na daktari, dozi ilipunguzwa na saa zikatanuliwa, akapewa na dawa ya kutuliza zile njozi. Akanionya pia kwamba nikiona hapokei hata akiamshwa, au pumzi zimekuwa za kuhesabika, nipige simu muda huo huo, nisingoje asubuhi. Siku mbili baadaye mama aliamka akili imetulia, akataka kujua nani amepika uji mbaya namna ile. Ni mimi.

Tofauti ya mara ile na mara hii ni ndogo sana ukiitazama. Mara ya kwanza nilikata dawa nikanyamaza. Mara ya pili nilisema nilichokiona, wenye ujuzi wakapunguza. Katikati ya hayo mawili kuna kanga iliyotoboka, ambayo ninayo mpaka leo.

Mama alifariki mwezi Novemba, nyumbani, saa moja asubuhi. Siku mbili za mwisho hakuweza kumeza, tukawa tunamdondoshea dawa kidogo kidogo ndani ya shavu kama tulivyoonyeshwa, na kumlaza ubavu pumzi zilipoanza kukoroma. Hakuitafuna kanga.

Na dada zangu mnaosoma hapa, naingilia yasiyonihusu lakini vumilieni. Kipimo cha shingo ya kizazi kinafanywa kwa siki, dakika chache tu, nesi anaangalia kama panabadilika rangi. Chanjo nayo ilianza kutolewa kwa wasichana Tanzania nzima mwaka 2018. Mama yangu zama zake havikumkuta.

Baada ya matanga nilirudisha chupa hospitali, maana dawa ile haibaki mtaani. Ilikuwa na mililita chache. Nikaandikisha, nikatia sahihi, nikatoka. Kwenye kona yetu yule muuza matunda alikuwa hajapata habari. Aliponiona kwa mbali akainua kifuko cha karatasi. "Oya, mbegu zako hizi, nimekuwekea tangu juzi!" Nikazipokea.